Nilipewa Pole kwa Msiba Wangu Mwenyewe

Wiki iliyopita mliniacha stendi, begi moja begani na simu sikioni. Kwa aliyeingia leo, habari kwa ufupi ni hii: barabara ya mtaani kwetu ilipanuliwa, kibanda changu cha ushonaji kikaangushwa, na cherehani yangu ikafia humo humo. Mume wangu, fundi kama mimi, alikuwa ameshapata kazi ya kushona katika jumba kubwa la maduka kwenye jiji la mbali. Aliposikia alikuja mbio, akakaa nami mpaka machozi yakanikauka, kisha akarudi kazini.

Tangu hapo simu zake zikawa fupi na za juu juu. Nikapanda basi bila kumwambia. Niliposhuka nikampigia, na simu ikapokelewa na mwanamke.

"Fundi yuko kazini, dada," alisema taratibu, kama mtu aliye kwake. "Ujumbe wako niachie mimi."

Sikumwachia ujumbe. Niliupeleka mwenyewe kwa miguu.

Niwaambie mapema ili mtu asije akanishangaa: mimi nina wivu. Mtaani wananiita Mkasi. Mimi husema ni kwa sababu ya kazi, lakini mume wangu anajua ni kwa sababu ya mdomo. Akichelewa kurudi namnusa shati. Akimsifu mwanamke kwenye televisheni nazima televisheni. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo amesafiri usiku kucha, halafu akashuka na kupokelewa na sauti ya mwanamke mwingine sikioni. Nilikuwa naenda kujua jambo moja tu: huyu mume bado ni wangu, au nimebaki na jina?

Mlangoni mwa lile jumba la maduka mlinzi alipekua begi langu, akautoa mkasi wangu wa kukatia, akasema vitu vya ncha haviingii. Nikamwambia huo ni mkono wangu wa tatu. Akacheka, akaufunga kwenye mfuko, akanipa kipande cha plastiki chenye namba ili niuchukue nikitoka. Nikamuuliza kama anamfahamu fundi wa nguo, mwembamba, mwenye kutembea ameinamisha shingo upande.

"Fundi wa Madamu?" akasema. "Yule aliyepata matatizo? Ghorofa ya pili, duka la kona."

Matatizo nilijua ni kibanda chetu, nikafurahi kwamba watu wanamhurumia. Lililonichoma ni hilo la "wa Madamu". Mume wangu ni fundi wa watu wote, lakini wa mtu mmoja ni mimi tu.

Ndani kulikuwa na baridi ya chumba cha kuhifadhia nyama. Nusu ya maduka yalikuwa yamefungwa, yamebandikwa karatasi kwamba yatafunguliwa karibuni, na karatasi zenyewe zilishapauka. Watu walikuwa wengi na mifuko ya manunuzi michache. Wengine walikuja kupoa tu, wengine kupigana picha mbele ya vioo, wengine kushika viatu, kuvigeuza, kuvirudisha na kusema watapita baadaye. Nikasema kumbe tuko wengi tuliokuja kutazama visivyo vyetu. Kisha nikajikumbusha kwamba mimi nimekuja kutazama kilicho changu.

Nikiwa katikati ya ngazi za umeme, umeme ukakatika. Ngazi zikaganda. Jenereta likanguruma mahali fulani chini, ngazi zikashtuka na kuanza tena, na mimi nikajikuta nimemkumbatia mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu. Nikamwomba radhi. Akasema hana haraka.

Nilipofika juu nilisimama nikajiweka sawa kitambaa kichwani. Wanawake walipita wamenukia, kucha zimepakwa, visigino vinagonga sakafu inayong'aa hadi unaiona sura yako. Mume wangu anapita hapa kila asubuhi, na akija nyumbani ukimuuliza kukoje anajibu ni jengo tu. Nilionea wivu hata ile sakafu.

Duka la kona nililitambua kabla sijasoma jina lake. Dirishani mlikuwa na midoli miwili imevalishwa magauni, na pindo la gauni la kulia lilikuwa na mkono wa mume wangu. Anapopinda pindo, uzi wake hauonekani nje hata ukiutafuta. Hakuna mtu aliyemfundisha hivyo isipokuwa mimi.

Mwenye duka akatoka nyuma ya nguo zilizotundikwa, akanikaribisha. Angekuwa mrembo wa kupindukia ningesema ni tamaa, itapita. Lakini alikuwa mwanamke wa kawaida, umri wangu au kunizidi kidogo, mpole wa macho, mwenye kukusikiliza mpaka umalize. Huyo ndiye wa kuogopwa. Na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu.

Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi, limemkaa kama ngozi. Nikajifanya mteja. Nikasogea nyuma yake, nikamwambia lebo imemtoka shingoni, asimame nimrekebishie. Akasimama na kushukuru. Nikaingiza kidole gumba ndani ya mshono.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Mume wangu anapomshonea mwanamke yeyote huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, upana wa vidole viwili, ili mteja akinenepa nguo iachiwe. Mwanamke yeyote, hata mama yangu mzazi. Ni mimi peke yangu anayenishonea bila kuacha kitu. Tulipokuwa wachumba nilimuuliza kwa nini, akasema: "Wewe ukinenepa si nitakuona?" Kwa neno hilo nilikubali kuolewa naye. Wanawake wengine huvaa pete. Mimi mume wangu aliniandikia ndoa ndani ya mishono.

Ndani ya mshono wa yule mwanamke hapakuwa na kitu. Kitambaa kilikatwa karibu kabisa na uzi.

Niliutoa mkono taratibu, maana vinginevyo ningelichana lile gauni mgongoni kwake. Nikamwambia kwa sauti iliyokauka kwamba fundi wake anajua kupima. Akacheka, akasema kinachomshangaza ni kwamba fundi huyo hajawahi kumpima hata siku moja. Humtazama tu, akaenda kukata.

Humtazama tu. Nikashika pembe ya meza, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo nimwambie mimi ni nani, na jumba zima lisikie.

Yeye akaniwahi. Alikuwa anaangalia vidole vyangu, ncha zilivyochomwachomwa na sindano.

"Wewe ni dada yake," alisema. "Ndiyo, ni wewe. Fundi anakusema kila siku. Na sauti yako naijua, si wewe ndiye uliyepiga asubuhi?"

Nikabaki mdomo wazi. Kabla sijaufunga alishanikumbatia.

"Pole sana, dada yangu. Pole kwa msiba wa wifi yako."

Mume wangu ana kaka wawili. Dada hana. Kwa hiyo wifi mimi sina na sijawahi kuwa naye. Mke wa fundi ni mmoja duniani, naye wakati huo alikuwa amekumbatiwa na Madamu katikati ya duka.

Nilikuwa nimekufa.

Alinikalisha kwenye kiti, akaniletea maji. Sikuuliza chochote, alisema mwenyewe. Kwamba fundi alipopokea simu ya msiba aliishiwa nguvu. Kwamba yeye alitaka kuja kuzika, fundi akamkataza kwa sababu ya umbali. Kwamba aliporudi alikuwa amekonda, hali chakula, akiulizwa anasema yaliyopita yamepita. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akiniita "dada" kwenye simu za mchana, nami nikidhani ananitania.

Watu wengi hutamani kujua watasemwaje wakishakufa. Mimi nilipata nafasi hiyo, na sikuipenda.

"Hebu niambie ukweli," Madamu akasema, amesogeza kiti. "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Kaka yako hapendi kumzungumzia."

Nikajikaza. Nikasema marehemu alikuwa mwanamke mzuri sana. Mchapakazi. Mpole. Hapo kwenye mpole sauti ilinitetereka kidogo, naye akadhani ni uchungu. Nikaongeza kwamba alikuwa na umbo, na kwamba kaka yangu hatapata mwingine wa aina ile hata atafute na taa.

Akainamisha kichwa. "Ndicho ninachokiogopa," akasema. "Ningekuwa nashindana na mtu aliye hai kama mimi, ningejua la kufanya. Huyu hakosei tena. Hagombani naye, hazeeki. Fundi akikosea mshono husimama akasema, mwenzangu angeliona hili. Nami namwonea wivu mtu aliye kaburini, dada. Si aibu hiyo?"

Jamani. Nilikuja na wivu wangu tumboni, nikamkuta mwenzangu naye ana wake, na wa kwake ni wa kunionea mimi. Kwa muda mfupi nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia tangu kibanda kilipoanguka. Kisha akasema angalau marehemu hakuacha mtoto wa kuhangaika bila mama. Nikarudi kumchukia.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mume wangu akaingia na jora la kitambaa begani.

Aliniona. Jora likateleza, likaviringika sakafuni mpaka miguuni kwangu, likijifungua njia nzima. Nikainama nikalishika. Tulitazamana juu ya kile kitambaa, na nikaona shingo yake imelala upande kuliko siku zote.

"Dada," akasema. "Umefika."

"Nimefika, kaka."

Madamu akatuachia nafasi tulie pamoja. Alituombea chai kwa simu, akatusukumia kwenye chumba cha kushonea na kufunga pazia, naye akabaki dukani. Tulikuwa na muda wa chai kuletwa, si zaidi.

Nilimshika kola. Nikamuuliza kwa kunong'ona nilikufa kwa ugonjwa gani.

"Presha," akasema.

Nikamwambia presha ndiyo naipata sasa hivi. Akaniomba nimsikilize. Alieleza kwa kukatakata maneno: mfanyakazi mpya wa duka lile hapewi ruhusa mpaka amalize mwaka, isipokuwa kwa msiba, na si kila msiba. Ni wa mzazi, mtoto au mwenzi. Kibanda kuangushwa si msiba. Aliomba akakataliwa, na mimi nilikuwa nalia kwenye simu.

"Wazazi wangu wote wameshafariki na Madamu anajua," akasema. "Mtoto hatuna. Ulibaki wewe tu."

Yaani zile siku alizokuja kukaa nami, siku ambazo majirani walinisifia kwamba nimepata mume wa kweli, alizipata kwa kunizika. Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nikaachia kola, lakini sikuachia jambo langu. Nikamuuliza simu yake inafanya nini mikononi mwa mwanamke. Akasema wakati wa kazi simu zote hukaa kaunta. Madamu huzipokea, na namba yangu, tangu anizike, ameiandika "Dada", na kibanda akakifanya cha huyo dada. Nikamuuliza kuhusu gauni la kijani. Nikamwambia nimeingiza kidole kwenye mshono mwenyewe.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa, kisha akaelewa. Akavuta gauni moja kwenye kamba, akaligeuza ndani nje. Akavuta la pili na la tatu. Yote yalikuwa yamekatwa karibu na uzi.

"Ni amri ya Madamu," akasema. "Nilipoanza niliacha vidole viwili kama kawaida yangu, akaniuliza cha nini. Nikamwambia mteja akinenepa. Akasema mteja wa hapa akinenepa ananunua jingine."

"Na kutokumpima?"

Akanionyesha kwa kidevu mdoli uliosimama pembeni bila nguo. Ulikuwa na vipimo vya Madamu, umeagizwa hivyo. Ndio anaoupima.

Nilikaa juu ya jora la kitambaa, nikacheka huku nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Ni fundi gani mwingine angeuona uzinzi kwenye mshono mwembamba? Mume wangu naye akaanza kucheka, mabega yanamruka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kibanda kianguke. Nikamfuta uzi shavuni. Nikamwambia nimemsamehe kifo, ila nataka kufufuka leo hii, kabla sijatoka ndani ya jengo hili. Amwambie mwenyewe. Akiogopa, nitamwambia mimi.

Akaacha kucheka. Akasema mdanganyifu wa msiba hufukuzwa siku hiyo hiyo, na jina lake husambazwa kwenye maduka yote ya jengo. Nikamjibu kwamba kazi zipo nyingine. Akaanza kusema kitu kuhusu Madamu, kwamba Madamu ni mtu wa, halafu hakumaliza. Pazia likafunguliwa. Chai ilikuwa imefika.

Tulikaa watatu kwenye meza ya kukatia, Madamu katikati. Alimimina mwenyewe. Niliona kikombe cha mume wangu kinatiwa sukari bila yeye kuulizwa, na ilikuwa kiasi kile kile ninachomtilia mimi. Kijiba cha roho kikarudi mahali pake.

Nikamkanyaga mume wangu mguu chini ya meza ili aanze. Akakohoa. Aliyeanza ni Madamu.

Alisema yeye si msichana wa kuzungushana maneno. Amekaa na fundi kazini muda wa kutosha kumjua. Alimpenda kabla ya msiba, akajizuia kwa kuwa alikuwa mume wa mtu, na Mungu shahidi yake hakuwahi kumgusa hata mkono. Sasa mtu huyo hayupo. Ameshamwambia fundi yaliyo moyoni mwake, lakini fundi hasemi ndiyo wala hasemi hapana. Anasema tu apewe muda.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

Apewe muda. Mtu mwenye mke aliye hai anahitaji muda wa nini?

"Wazazi wenu wametangulia," Madamu akaniambia, "na wewe ndiye mkubwa wake. Kwa hiyo nasema nawe kama ninavyosema na mama yake. Namwomba ndugu yako anioe."

Kisha akainuka, akavuta kifuniko cha kitambaa kilichokuwa juu ya meza ya dirishani. Chini yake palikuwa na cherehani mpya, ya mota, mwanga wa dirisha unaangukia kwenye sindano. Akasema habari za kibanda changu amezisikia zote, na zimemuuma. Akasema nisirudi nilikotoka. Kile kiti ni changu kuanzia leo, haijalishi jibu litakuwa lipi, kwa sababu dada wa fundi hawezi kukosa pa kushonea.

Sitawaficha. Niliitazama ile cherehani nikasahau mume kwa muda wa kumeza mate. Mikono yangu ilikuwa na hamu. Tangu kibanda kianguke nilikuwa nashonea watu kwa mkono, nimekaa kitandani, sindano na uzi. Na huyu mwanamke ninayetaka kumchukia ananipa kwa moyo mweupe kitu ambacho hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyewahi hata kunitajia. Dada wa fundi angekaa pale leo hii. Mke wa fundi angetolewa nje na walinzi, yeye na mumewe.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema moyoni kwamba hapana, cherehani ni chuma. Sitaongea mimi. Ataongea mwenyewe, na nitajua leo. Nikamkazia macho mume wangu, na Madamu naye akamgeukia.

"Fundi," Madamu akasema, "dada yako yuko hapa sasa. Muda ulioomba umeupata. Unasemaje?"

Mume wangu akaacha kukoroga. Akaitazama cherehani, akamtazama Madamu, kisha akanitazama mimi machoni, bila kupepesa, kama alivyokuwa akinitazama zamani kabla ya kukata kitambaa.

"Dada akikubali," akasema, "mimi sina neno."

Madamu akanishika mikono yote miwili juu ya meza, akangoja jibu langu.